Msitu wa Bi Edith Niliouzika Ukiwa Hai

Iko siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mjukuu wangu. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Novemba, mashambani Uingereza, na mimi kijana wa miaka ishirini nimevaa kofia yangu ya viua, koti la kuazima na viatu vinavyoingiza maji, namfuata kikongwe wa Kizungu ndani ya msitu wake. Siku hiyo nilifanya kosa dogo. Kosa lenyewe halikuwa na taabu. Taabu ilikuwa katika yale niliyoyafanya baadaye ili lisijulikane, na ndiyo ninayotaka kukuhadithia leo, maadamu umekaa na hiyo simu umeiweka chini.

Sisi tulitoka Unguja mwaka sitini na nne. Ya kutoka sitakueleza, kila nyumba hapa Ghubra, Maskati, ina mzee wa kuyaeleza hayo, na wengine wakianza hawanyamazi. Baba alifikia Maskati kwa ami yake, akapewa chumba na pahala pa kukaa barazani. Nyuma alikuwa ameacha shamba la mikarafuu, na shamba lile lilishamliza mara moja kabla. Nilipokuwa mdogo liliingiwa na ule ugonjwa wa kufa ghafla. Leo mkarafuu una majani yake, baada ya siku chache yamepukutika yote, na mti ndio umekwisha, hakuna dawa. Nilimwona baba akizunguka shambani akiigusa mmoja mmoja. Nusu ilikufa. Akapanda miche mipya, akaitia maji kwa mikono yake mwenyewe, na ilipokaribia kuzaa ndipo tukaondoka. Kwa hiyo mimi nilikua nikijua jambo moja kuhusu mti mkubwa, ukiacha mbuyu na msufi: ukiona umeangusha majani yote, mpe pole mwenyewe.

Mwaka sitini na sita nikapelekwa Uingereza kusomea umeme. Nikapangiwa chumba kwa mjane mmoja, Bi Edith, mwanamke mfupi, mkavu, umri wa bibi yangu, na bado anapanda baskeli. Nyuma ya nyumba yake ulikuwapo msitu wa asili aliourithi kwa wazee wake: mialoni ambayo watu wawili hawaikumbatii wakafikishana mikono, na miti mingine ya majani mapana ambayo kwa Kiswahili siijui jina mpaka leo. Nilifika mwezi wa Septemba. Msitu ulikuwa kijani kibichi, hata mbingu huioni. Nikasema moyoni, mama huyu ana mali.

Kisha nikashikwa na masomo. Natoka asubuhi na mapema, narudi kiza kimeshaingia, siku za mapumziko nashinda maktaba, na madirisha yana mapazia mazito. Sasa utaniuliza, babu, shuleni hamkufundishwa? Tulifundishwa. Mwalimu alituchorea majira manne ubaoni, na mimi nikapata alama nzuri sana. Lakini nilidhani anakusudia majani mawili matatu, kama yanavyoanguka ya mwembe wa uani ukachukua ufagio ukayazoa. Sikudhani hata siku moja kwamba watu wazima wanaweza kukaa wakaangalia msitu mzima ukivuliwa nguo wasipige kelele.

Basi Jumapili ile Bi Edith akanialika twende tukatembee msituni. Nikatoka mlango wa nyuma nikasimama. Hapakuwa na jani juu. Yote yako chini, yamerundikana mpaka vifundoni, na miti imebaki mifupa. Kwa mbali mzee mmoja alikuwa na shoka, anakata gogo na kupanga kuni. Nikajua ndiyo hayo. Ugonjwa umefika mpaka huku, umemaliza shamba la mjane, na wameshaanza kuchoma.

Kwetu, kama ujuavyo, mtu akifikwa na hasara hahojiwi. Hukai ukamuuliza ilikuwaje na imepotea kiasi gani. Unakwenda naye, unanyamaza, unaonyesha kwa uso. Mimi nikanyamaza. Nikatembea nyuma yake hatua mbili, mikono nimeifunga mbele, nasoma Fatiha kimoyomoyo. Bi Edith mwenyewe akawa anapiga teke majani. Anayarusha juu kwa ncha ya kiatu, anacheka. Nikamhurumia zaidi, nikasema maskini, akili imeanza kumruka. Halafu akainama akaokota tunda la mwaloni, dogo, lina kikofia chake, akaniwekea kiganjani na kunifumba vidole. Nikalipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa kitu cha marehemu, na machozi yakanilengalenga. Yeye akaniambia kwamba hajapata kuwa na mpangaji mwenye kuupenda msitu kama mimi.

Jioni ile ile nikamwandikia baba. Na mimi nilikuwa na kalamu, mwanangu, sikukuambia? Nikaeleza miti ilivyokufa kwa safu, mjane alivyochanganyikiwa, moshi wa kuni unavyopanda. Nikasema, ni kama shamba letu, baba, ila huku hata pole hawapeani. Barua nzuri. Niliisoma mara mbili kabla ya kuifunga bahasha.

Maskati ya wakati huo haikuwa hii. Barua ikija ni ya mtaa mzima. Baba aliisoma barazani kwa sauti, mbele ya wenziwe wa Unguja, na kila mmoja wao alikuwa ameacha kitu huko nyuma. Walimlilia Bi Edith kama dada yao. Waliomba dua. Kisha kila mtu akatoa alichonacho, na kijana mmoja aliyekuwa akisafiri akabebeshwa furushi: tende za fardhi, halwa, malimau makavu, na papa mkavu, kwa sababu Ami Salum, rafiki mkubwa wa baba, alisema mwanamke aliyefikwa na msiba anahitaji kitu cha kumpa nguvu. Ndani ikawamo barua ya baba kwa Bi Edith, kurasa nne, ya kumfariji na kumfundisha. Achimbe handaki kuzunguka miti iliyopona. Shoka lililokata mti mgonjwa lisiguse mzima. Na asikate tamaa, mwenziwe yuko Arabuni, hilo limemfika na yu hai.

Furushi lile, kwa kuzunguka kwake, likafika mwisho wa mwezi wa Aprili.

Sasa nikwambie ya Aprili. Wiki mbili kabla yake nilikuwa nimeona ncha za kijani kwenye matawi. Nikadhani ni kuvu. Siku ya tatu yakawa majani, madogo, yamekunjana, laini, na siku ya kumi msitu mzima umevaa na ndege wanapiga makelele humo ndani. Nikasimama pale mlango wa nyuma na uso unaniwaka. Na hapo hapo ndipo nikaletewa furushi la rambirambi.

Barua ya baba sikuitafsiri. Niliificha chini ya godoro. Nikampa Bi Edith vile vitu nikamwambia ni zawadi tu kutoka kwa mzee wangu. Halwa aliipaka juu ya mkate, akasema haijapata kutokea. Papa alimgeuza, akamnusa, akaniuliza kwa adabu kama ni ngozi ya kutengenezea viatu. Mbwa wake siku mbili hakuingia jikoni.

Ningeandika siku ile ile, mwanangu, yangekwisha. Baba, nilikosea, miti ya huku inaangusha majani ikayarudisha, wacheke kidogo, basi. Lakini nikawafikiria wale wazee wa barazani, nikamfikiria Ami Salum na papa wake, na mimi ndiye niliyepelekwa kusoma. Nikaandika kwamba Bi Edith anashukuru, na anajitahidi.

Barua ya baba ikarudi: je, amepanda mipya? Nikajibu amepanda. Ikarudi nyingine: amepanda nini? Na siku hiyo nilikuwa na mtihani, sikuwa na nafasi ya kufikiri, nikaandika minazi. Baba akaduwaa. Akauliza katika nchi ya baridi ile minazi inashika? Ikabidi minazi nayo niiue. Niliiua kwa mistari miwili, na kule Maskati dua zikaongezwa, maana sasa mama yule amefiliwa mara mbili. Mwaka uliofuata nikamfungulia banda la kuku ili apumzike na miti. Baba akafurahi sana, akauliza kuku wanataga? Naapa nilikuwa nawaota wale kuku.

Mwisho wa mwaka sabini, watu wetu walipokuwa wanarudi Arabuni kwa wingi, na mimi nikarudi Maskati. Bi Edith alinisindikiza mpaka kituo cha treni akalia, nami nikalia. Alinipa picha yetu, mimi na yeye tumesimama chini ya mwaloni mkubwa, na nyuma yake kaandika kwa mkono wake tarehe: Mei, mwaka ule ule. Nikaitia katikati ya vitabu.

Siku ya pili baraza lilijaa. Kahawa inazunguka, tende ziko mbele, na mimi nimekaa kama bwana harusi. Wakaniuliza habari ya mama yule. Nikasema anaendelea, Alhamdulillahi, na kuku wazima. Huko ndani shangazi yangu Zeyana alikuwa amefungua sanduku langu, maana hakuwa na subira ya zawadi, na haukupita muda akatokea mlangoni na ile picha mkononi, anamuuliza baba ni nani huyu ajuza anayecheka.

Baba akavaa miwani. Akaiangalia, akaigeuza nyuma akasoma tarehe, akaigeuza tena. Juu ya vichwa vyetu kwenye picha ile huoni kitu ila majani.

"Mti huu ni katika ile iliyokufa?" akaniuliza.

"Naam, baba. Ni katika ile."

"Umefufuka lini?"

Nikasema haukufa. Nikasema yote, mbele ya wote, minazi na kuku pia. Kisha Ami Salum akaweka kikombe chini akasema kwa upole kwamba kama hakuna aliyekufa basi papa wake arudishwe, na baraza likaangua kicheko. Watu walishika mbavu. Kuna mzee alitoka nje kwa ajili ya kukohoa. Mimi mwenyewe nikaanza kucheka kwa kuona nimeokoka, mpaka nikamtazama baba. Hakuwa anacheka. Alikuwa bado ameishika ile picha.

Walipoondoka wote akaniita nikakaa mbele yake. Nikamwomba radhi kwa kumvunjia heshima mbele za watu.

"Heshima haikuvunjika," akasema. "Hao watacheka wiki mbili watasahau. Lakini mimi miaka minne nnakaa kwenye nchi hii ya mawe, nnamuombea mtu aliyefikwa na lililonifika mimi. Na wewe muda wote huo unajua kwamba iko misitu mizima inapukutika ikarudi. Habari ile ilikuwa yangu, mwanangu. Ndo nilokuwa nikiihitaji kuliko habari yoyote, nawe ukanificha kwa kuogopa kuchekwa."

Mara nne msitu ule ulichipua mbele ya macho yangu. Mara nne ningeweza kumwandikia mzee wangu kwamba yameanza kutoka, nikamwandikia tena kwamba yamefunguka, akakaa akaisubiri ile barua kila mwaka kama mtu anayesubiri mvua. Badala yake nilimpelekea kuku wa uongo.

Akavua miwani, akapangusa macho, akasogeza mto nyuma ya mgongo wake. "Haya," akasema, "nihadithie inavyorudi. Usiruke kitu."

Nikamhadithia. Aliniuliza jani linaanzia ncha ya tawi au shina, lina rangi gani siku ya kwanza, wadudu je, mti mkubwa hutangulia au mdogo. Maswali ya mtu wa shamba. Laasiri ikaadhiniwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona baba amesikia adhana akasema, ngoja kidogo, malizia hapo.

Basi nisikilize. Kukosea utakosea, hasa ukienda kwenye nchi za watu ukaviona vya kwao kwa macho ya kwenu. Hilo halimdhuru mtu. Lakini siku utakayojua kwamba umekosea, usilale nalo. Rudi kwa yule yule uliyemwambia, kwa mdomo ule ule au kalamu ile ile, umwambie haikuwa hivyo, ilikuwa hivi. Usipime utachekwa kiasi gani. Pima yeye anakosa nini kwa kutojua, kwa sababu huijui haja iliyo moyoni mwa mwenzako, na huenda ile kweli unayoionea haya ndiyo dawa anayoomba kila Ijumaa. Na wazazi wako usiwape habari za kuwapendeza. Wape za kweli, wao wenyewe watajua la kufanya nazo.

Nenda, mwanangu, na Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema nilikosea, akupe na watu watakaokucheka kwa mapenzi. Chochote kitakachokupukutikia katika maisha haya, akurudishie kikiwa kibichi, na wewe uwepo ukione. Amin.