Nilimtania baba siku aliyotaka wosia, mama akaikosa kahawa ya bondeni

Wakuu, heshima zenu, na wakubwa wote shikamooni.

Wanaonijua humu wanajua nikisimulia, sungura anatoka na pembe. Leo hana pembe. Mpokeeni alivyo.

Kwetu ni Mbinga, upande wa Litembo. Milima imesimama kiasi kwamba ukidondosha boga asubuhi, mchana unaliokota Ziwa Nyasa. (Haya, hapo nimeongeza kidogo.)

Baba alikuwa Mmatengo wa kahawa na mahindi. Mama ni Mnyasa wa Ngumbo, kule chini ziwani, na mibuni ya bondeni waliipanda wawili mwaka waliofunga ndoa.

Miaka hiyo wanunuzi binafsi ndio walikuwa wameanza kupanda na malori yao kugombea kahawa. Kabla ya hapo shamba lilikuwa la kubembeleza mtu apalilie. Ghafla kila ndugu akakumbuka mpaka wa babu ulipopita.

Baba aliliona hilo.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya jioni: chemli moja, watu hamsini, mwalimu akipiga chafya tunafunga shule. Mchana mmoja tukigeuza kahawa kwenye mikeka, baba akaniambia:

"Lete daftari lako. Andika kwamba kahawa ya bondeni ni ya mama yako mpaka siku atakapozikwa. Hiyo ndiyo pensheni yake. Kesho tumwite katekista na balozi wa nyumba kumi washuhudie."

Nikamjibu, "Baba, wewe kifo kikija utakipa jembe kikachimbe ngolo!"

Ngolo ni yale mashimo yetu ya kulimia mlimani. Baba alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikajiona nimefanya kazi nzuri. Alirudia ombi lake mara mbili wiki zile. Mara mbili nikamtania.

Masika yalipoanza homa ikambana. Tukambeba kwa machela kwenda hospitali. Njiani akaniuliza, "Daftari lipo?"

Nikasema lipo. Lilikuwepo kweli. Tupu.

Hakurudi.

Baada ya matanga ukoo ukakaa. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo. Mama akaeleza alichoachiwa na mumewe.

"Shemeji," baba mdogo akauliza kwa upole, "nani mwingine alisikia?"

Nikasimama. Nikasema neno kwa neno, sikuongeza hata nukta.

Binamu yangu mmoja akadakia, "Huyu si ndiye aliyeona kambale kavaa viatu kule Ngumbo?"

Wakuu, watu walicheka. Kwenye kikao cha msiba. Na aibu yangu ni kwamba hata mimi kicheko kilitaka kunitoka, maana kambale yule nilimsimulia vizuri.

Baba mdogo akasubiri wanyamaze. "Mwanangu, tunakupenda. Lakini maneno yako huwa tunayapunguza nusu ndipo tunayala. Hapa tukipunguza nusu, mama yako tumpe nini?"

Wakampa nyumba na migomba ya uani. Kahawa ikarudi kwa ukoo.

Msimu uliofuata mama alikaa mlangoni akiwatazama wengine wakichuma. Hakulia. Uchumaji ulipoisha akafunga kanga zake, akashuka kwa kaka yake Ngumbo.

Nilimfuata baadaye na daftari. Safari hii nilikuwa nimeandika yote, maneno ya baba kama alivyoyatamka. Nilimkuta anageuza dagaa mchangani, kwa mkono uleule wa kugeuza kahawa. Nikamsomea.

Alimaliza kugeuza fungu lile la dagaa.

"Hujaongeza kitu," akasema.

"Sijaongeza, mama."

"Haya. Sogea, unakanyaga dagaa."

Amezikwa hukohuko ziwani. Baba yuko mlimani, peke yake.

Wakuu, mzazi akikwambia lete daftari, usimpe uhodari wa mdomo. Mpe kalamu, na mashahidi waitwe siku hiyohiyo. Nawe mzazi, kazi hiyo usimwachie mchekeshaji wa familia.

Yaliyowakuta kwenu yawekeni hapo chini, nitayasoma yote. Na mkitaka kunipunguza nusu kama kawaida yenu, punguzeni lile boga na yule kambale.

Maneno ya baba yaacheni yalivyo.