Miche Minne ya Managu

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu niolewe hapa Kitengela, na shemeji zangu walikuwa wanakuja kula. Nilitaka wasifu mapishi yangu. Shambani kwa mama mkwe kulikuwa na miche minne ya managu, mboga ya kienyeji, yenye majani mapana, kila mmoja umefungwa uzi mwekundu. Nilijua uzi ule una maana. Sikuuliza. Niling'oa yote minne nikapika, na kweli walisifu.

Jioni Mama, ndivyo nilivyomwita mama mkwe, aliuliza miche yake iko wapi. Nikasema mbuzi wamekula.

"Mbuzi gani hao," akasema, "wanaofungua uzi kwanza kabla ya kula?" Nyuzi alikuwa ameziokota jikoni. "Umetupikia mbegu, msichana wangu."

Hakuwa na mbegu nyingine. Kesho yake alinipeleka kwa boma moja la ng'ombe lililohamwa, ambapo managu hujiotea tu kwenye samadi. Akanipa jani nitafune. Lilikuwa chungu, nikatema.

"Mimi nilianzia hapo," akasema. "Kila mvua nilionja, nikaacha mche usio mchungu sana uzae mbegu, mingine tukala. Sasa utaanza wewe."

Nikaanza. Tulionja pamoja mvua baada ya mvua, tukichekana tukikunja nyuso. Kuna misimu uchungu ulirudi, tukaanza tena. Managu ninayopanda leo ni matamu, na najua yalivyofika hapo. Mama tulimzika mwezi uliopita. Hakuwahi kuwaambia shemeji zangu walikula nini siku ile, kwa hivyo nimewaambia mwenyewe.

Sikusoma sana, lakini hili nalijua: hata sukuma wiki na kabichi za sokoni zilitoka kwa majani ya porini, na kuna watu waliovumilia kuacha mche bora bila kuula. Kwa hivyo, mwanangu, ukikuta kilicho bora, usikimbilie kukimaliza ili usifiwe. Uliza kwanza kimewekewa nini. Na ukikosea, sema ni wewe, siku hiyo hiyo. Mungu akupe ulimi wa kweli na mvua ya kutosha, na watoto wako wakute shamba zuri kuliko ulilolikuta wewe.