Madoa Ambayo Hayakuwa ya Moto

Mwezi wa saba hapa Mazwi baridi haina mchezo. Wanawake hupika wamenyoosha miguu karibu kabisa na mafiga, na kila mwaka miguu yao hutoka madoa ya moto. Kwa hiyo mama alipotokwa na madoa kwenye miundi hakuna aliyeshtuka. Jirani yetu alimcheka tu: "Shoga, unajichoma kama hindi. Bado tukugeuze upande wa pili."

Mimi nilijua siyo moto. Nilikuwa namsugua mama mgongo akioga, na niliyaona mapajani mpaka makalioni, ambako moto haufiki. Madoa ya moto ni ya kahawia, tena yamelala. Haya yalikuwa mekundu ya kuiva, na ukipitisha kiganja unayahisi kama punje za ulezi chini ya ngozi.

Tulikwenda zahanati. Tabibu alikuwa mwanaume, kijana.

"Yapo na kwingine, mama?"

"Hapana baba, ni moto tu wa jikoni." Akavuta khanga.

Tabibu akanitazama mimi. Nikaangalia sakafu. Nilikuwa kidato cha tatu na hata darasani sinyooshi mkono. Nitataja vipi makalio ya mama yangu? Akaandika mafuta ya kupaka, tukayanunua kwenye mojawapo ya yale maduka ya dawa ya watu binafsi yaliyokuwa yanafunguliwa kila kona.

Baadaye vifundo vikamuuma, uso ukawa unaamka umevimba, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Hilo nalo nililiona, nikanyamaza.

Hospitali tulimkuta daktari mwanamke. Alimkagua mpaka makalioni, kisha akabandika glasi tupu juu ya doa, akabonyeza.

"Njoo uone, binti. Wekundu wa kawaida ungepotea hapa. Huu umebaki, maana damu imevuja kwenye mishipa midogo iliyovimba. Ukiona hivi, mkojo unapimwa siku hiyohiyo."

Wakapima mkojo, wakapima na damu. Akasema figo zimeshakwisha. Dawa zitampunguzia uvimbe, figo hazirudi.

"Ya makalioni yalianza lini?"

"Kabla ya zahanati," nikasema.

"Mbona hukumwambia mtu?"

Mama alinitangulia kujibu, bila kunitazama. "Nilimkataza mimi."

Hakunikataza. Hatukuwahi kulizungumza hata siku moja.