Mizinga Iliyopakwa Rangi

Nimehutubia mara nyingi juu ya haki za ardhi, tena kwa sauti nzito na suti ya kuazima, na sijawahi kukosa makofi. Siku nilipoombwa kuitetea ardhi yenyewe nilikuwa na viatu vipya, na viatu ndivyo nilivyovijali.

Ilikuwa miaka ya hamsini, ndani ya msitu wa Mau, juu ya Elburgon. Nilikuwa kijana wa shule ya misheni, mwenye Kiingereza cha kutosha kuudhi ukoo mzima. Serikali ilitaka kututoa sisi Waogiek ipande miti ya kizungu ya kupasuliwa mbao. Wanaume wetu walikwenda kunung'unika mbali. Nyanya yangu, tuliyemwita kogo, alikwenda ofisini kwa Bwana Misitu, nami nikawa mkalimani.

"Ana karatasi gani?" Bwana aliuliza.

"Nina mizinga," kogo akajibu. "Aje aone."

Kwetu mizinga ndiyo huonyesha msitu huu ni wa nani, na mwenyewe haonyeshi ovyo. Ukionyeshwa mzinga umefanywa shahidi: huugusi, na kesi ikizuka husemi ila ulichoona. Kogo alimtembeza mzungu yule siku mbili, akamwonyesha mizinga yote aliyoacha babu, hata ile ambayo mimi mjukuu sikuwa nimeonyeshwa.

Askari wa msitu akamchokoza. "Mama, hawa nyuki wako wana kipande cha kitambulisho?"

"Panda uwaulize, mwanangu. Hujibu haraka."

Kwenye kila mti wenye mzinga, Bwana alipaka alama nyeupe. Kogo alifurahi: sasa hata Serikali ilikuwa imekiri. Mimi msomi nilifurahi zaidi. Nilimweleza kwamba wazungu hutia sahihi hivyo.

Wiki iliyofuata askari walifuata rangi, mti hadi mti, bila kuhangaika kutafuta. Waliangusha mizinga, wakaimwagia mafuta ya taa, wakawasha. Asali ilichemka ikitiririka kwenye majani, na askari wakachovya vidole pembeni mwa moto. Kisha wakachoma nyumba yetu. Hiyo haikuhitaji rangi.

Kogo alirudi ofisini, nywele zimeungua upande mmoja. Hakulia.

"Mwambie yeye ni shahidi wangu. Aseme hapa, mbele ya askari wake, aliona nini."

Bwana alikuwa akichonga penseli. "Mwambie niliona miti."

Nilitafsiri, neno kwa neno, bila kumtazama kogo.

Kogo akanigeukia. "Na wewe? Ulikuwa nasi siku zote mbili. Uliona nini?"

Asubuhi hiyo Bwana alikuwa ameniahidi kazi ya ukarani, akanipa na viatu vipya. Sasa aliacha kuchonga, akaniangalia.

"Mimi ni mkalimani tu, kogo."

Bwana akauliza nimemwambia nini. Nikamtafsiria hilo pia.