Sale Litangulie Barua

Kwa kalamu hakuna wa kunizidi Moshi nzima, ingawa shule niliiacha njiani. Jumanne, kwenye steshenari moja ya Majengo, binti mchapaji akanizidi.

Mzee wa Old Moshi, mwongoza watalii, aliingia akiwa amesimamishwa kazi kwa kumfokea mgeni. Bosi wake Mzungu alitaka maelezo kwa Kiingereza. Mzee alimtajia binti ukurasa mzima bila kupumua: salamu, ng'ombe, migomba, mvua, na msamaha chini kabisa.

"Baba, bosi hatafika huku chini," binti akasema.

"Mwanangu, utaingiaje kwa mtu bila salamu?"

"Ukienda kuomba msamaha kwa jirani, unashika nini mkononi?"

"Jani la sale."

"Unalitoa mwisho, baada ya kunywa mbege?"

"Aa! Linatangulia. Akiliona tu, anajua nimefuata nini."

"Na aya ya Kiingereza ni hivyo hivyo. Sentensi ya kwanza ndiyo sale, zinazofuata zinaeleza."

Mzee akavua kofia. "Basi hamisha msamaha uje juu."

Jana nilimwona mzee na buti zake, akielekea mlimani na wageni. Nikaenda nyumbani, nikaanza na kosa langu hata kabla ya salamu. Mke wangu akauliza kama naumwa.