Kipimo cha Saa Saba

Deolinda Ayala alikuwa na ila moja ambayo mji mzima wa Concepción uliijua: hakulala siesta, ule usingizi wa mchana. Watu wakishakula, milango ikafungwa na mbwa wakajitupa vivulini, yeye hubaki kakodoa macho akitafuta la kufanya. Ujana wake aliumalizia kwenye ubao wa simu wa mji, akiunganisha watu kwa waya, zamu ya mchana ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, na usingizi wa saa hizo ukamtoka mwilini moja kwa moja. Aliyekuwa mumewe alipenda kuwaeleza watu kwamba ndicho kilichowaachanisha. "Anasaga mahindi siesta! Nyie mngeweza?" Wengi walimwonea huruma. Sababu ya kweli iliitwa Perla na ilikuwa na duka la vitambaa, lakini watu hupenda zaidi ile ya mahindi.

Ubao wa simu ulipokufa, alijifunza mitandao ya kompyuta akiwa na mvi tayari, akaajiriwa na ofisi ya mito. Kazi yake ni rahisi kuielezea na ngumu kuifanya. Kila kituo kando ya mto Paraguay kina mtu anayesoma kimo cha maji asubuhi na saa saba mchana, akakiandika kwenye mashine yake, nayo ikakituma kwa mashine kuu iliyoko Asunción. Namba husafiri imefungwa kwa lakiri, mashine kwa mashine, asiweze mtu wa katikati kuisoma wala kuigusa. Lakiri hiyo ilikuja baada ya mtani mmoja kutuma namba ya kubuni, mtaa mzima ukabeba vitanda hadi kanisani, na maji yasifike hata kisigino.

Tatizo ni ruta, kile kisanduku cha taa za kijani kilichoko kila nyumba. Ndani ya nyumba kila mashine ina anwani yake, lakini ikitoka nje ruta huivua anwani hiyo na kuivisha ya kwake, moja tu kwa wote. Lakiri haipendi kuguswaguswa, na ruta haiwezi kuacha kugusa. Deolinda aliwasuluhisha hao wawili miaka nenda rudi. Ugonjwa wa kawaida ulikuwa usahaulifu: mashine ikinyamaza kidogo, ruta husahau ilimfungulia nani, na jibu likirudi linakuta mlango umefungwa. Dawa yake ni kuifundisha mashine kusalimia kila baada ya muda mfupi, hata kama haina la kusema. Vituo vingi vilipona hivyo.

Kituo cha Puerto Sarandí hakikupona. Kipimo cha asubuhi kilifika bila taabu. Cha saa saba kilianza, kikakatika, kikaanza tena, kikakatika, mpaka muda wa kupokea ukaisha. Mafundi walikwenda, wakabadilisha ruta, wakabadilisha waya, wakapandisha antena juu ya paa. Wote walifika asubuhi, wakajaribu, wakakuta kila kitu kizima, wakala walichokaribishwa, wakaaga kabla vyombo havijaoshwa. Mtu mwenye adabu hakai kwenye nyumba ya watu siesta. Kwa hiyo ofisi ikatoa hukumu kwa akili zake yenyewe: msomaji wa kituo, Zunilda Riquelme, analala mchana, kisha anasingizia mtandao. Mto ulikuwa unapanda. Jumatatu kituo kingepewa mtu mwingine.

Kilichomuuma Zunilda zaidi ni kwamba kituo kile kilikuwa cha baba yake. Karai, yaani Bwana, Eladio Riquelme alikisoma mpaka alipostaafu, na picha yake imetundikwa kwenye ukumbi wa ofisi, kifua mbele, medali shingoni.

Deolinda alifika nyumbani kwao Ijumaa, wakati meza inaandaliwa. Walikula supu ya samaki na mihogo. Mzee Eladio alimaliza sahani yake, akafuta sharubu.

"Wakati wangu laini haikukatika hata siku moja," alisema, kama anamwambia samaki.

Zunilda aliweka kijiko chini. "Wakati wako, baba, ulikuwa unapiga simu ya redio."

"Hata kompyuta niliitumia. Haikukatika."

"Basi labda nalala kweli. Labda naota nimesimama mtoni na matope magotini."

"Mimi sijasema hivyo."

"Hujasema sivyo pia."

Mzee aliinuka, akamwinamia mgeni, akamwita Ña kama bibi wa heshima. "Ña Deolinda, nyumba hii ni yako." Akasubiri. Kwa heshima za huko, maneno hayo maana yake ni kwaheri.

"Asante, Karai. Basi nitakaa mpaka saa tisa."

Mzee alipigwa na butwaa. Alimtazama binti yake, kama vile ndiye aliyemleta mtu asiye na malezi, akaingia chumbani na kufunga mlango. Zunilda akashuka mtoni. Aliporudi, upindo wa sketi ulikuwa unachuruzika maji. Aliketi mbele ya mashine, akaandika kimo, akabonyeza. Muunganisho ukashika, ukakatika.

"Umeona?" alisema. "Kila siku ni hivi hivi. Nikiwaambia, wanacheka."

Deolinda alimpigia Wilfrido, mwenzake anayeiangalia mashine kuu kule Asunción. "Niambie unachokiona."

"Naona umeingia, Deo. Umetoka. Umeingia tena. Mbona unarukaruka kama chura, bibi wewe?"

"Ngoja." Deolinda alimpa Zunilda ishara, wakaichomoa mashine kabisa. "Na sasa?"

"Umeingia. Hapo sasa umetulia vizuri. Umefanya nini?"

"Nimeichomoa."

Wilfrido alicheka. "Usinitanie. Anwani ni ileile ya nyumba hiyo. Kama si wewe, ni nani?"

Hapo Deolinda alielewa, akakata simu, na akajiona mjinga kwa kutoelewa mapema. Asunción haioni vyumba vya nyumba, inaona ile anwani moja ya ruta. Mashine ya pili ikibisha hodi kutoka nyumba hiyo hiyo, mashine kuu hudhani ni ile ya kwanza imerudi, basi humtupa aliyekuwa ndani na kumpokea aliyeko mlangoni. Aliyetupwa naye anarudi, anamtupa mwenzake. Watu wawili walikuwa wanasukumana siesta nzima bila kujuana.

"Zunilda, humu ndani kuna mashine nyingine?"

"Hakuna. Baba alikuwa na ile ya ofisi ya zamani, lakini alisema imekufa." Aligeuka kuutazama mlango wa chumbani. "Amelala."

"Tumwamshe."

"Ña Deolinda, usithubutu! Mimi mwenyewe sijawahi kuugonga mlango huo siesta. Hata mama alipokuwa anaumwa."

Deolinda alishakuwa mkosefu tangu alipobaki, hivyo akaona kosa la pili halimwongezei mzigo. Aligonga, akafungua.

Karai Eladio alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda kilichotandikwa vizuri, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, miwani puani, kompyuta ya zamani magotini. Kwenye kioo zilionekana namba za mto, kituo kwa kituo, na kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa Puerto Sarandí. Uso ulimwiva mpaka masikioni.

"Hawakunifutia ufunguo wa kuingilia mashine kuu," alisema. "Walisahau. Mimi sikuiba kitu."

"Unanikagua," alisema Zunilda kutoka mlangoni.



Deolinda alimweleza kwa maneno machache mambo yanayotokea kila anapoingia. Alimwona akisikiliza, na aliona maneno yalipomfikia, maana mikono iliachia kompyuta ikakaa pembeni kama si yake. Alimwonea huruma, na hakupenda kumwonea huruma mtu kazini. Tena palikuwa na njia nyepesi. Angeweza kuipa kila mashine alama yake, Asunción izitofautishe, wasigongane tena. Kwenye taarifa angeandika kwamba ruta ilikuwa na kasoro, na mzee angebaki na namba zake na picha yake ukumbini.

"Naweza kuwapanga msisukumane," alisema. "Hakuna atakayejua."

"Na ofisi utaiambia nini?" mzee aliuliza.

"Kwamba ni ruta."

"Hilo ndilo alilowaambia yeye," mzee alisema, akimwonyesha Zunilda kwa kidevu, "na wakamwita mvivu." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu."

Deolinda alimpigia Wilfrido tena, akampa. Mzee aliishika mbali na sikio, kama wanavyoshika watu wa redio, akapaza sauti.

"Asunción, hapa Riquelme, Puerto Sarandí. Mkubwa, si mdogo. Ni mimi niliyekuwa nakata. Nimekuwa naingia siesta kwa ufunguo wa zamani, namtoa binti yangu. Yeye halali. Hajawahi kulala. Andika jina langu, na umsomee mkuu wako kabla ya Jumatatu."

Wilfrido, ambaye alifundishwa kazi na mzee huyo, aliandika kama alivyoambiwa. "Karai... itabidi niufute huo ufunguo. Leo hii. Na mkuu atataka maelezo."

"Ufute. Maelezo nimeshatoa."

Mzee akaizima kompyuta yake, wakairudisha mashine ya Zunilda kwenye umeme. Aliandika kimo, akabonyeza. Muunganisho ukashika, ukabaki umeshika. Wilfrido akasema kwenye simu kwamba kipimo kimefika, tena ndani ya muda, na kwamba Jumatatu hakuna wa kutolewa. Deolinda alianza kukunja nyaya zake taratibu, kwa sababu hakujua aangalie wapi.

Zunilda hakugeuka. "Muda wote huo, baba. Ulikuta makosa mangapi?"

"Sikukuta."

"Hata moja?"

"Hata moja. Mimi mawimbi yakiwepo nilikuwa nakosea. Wewe hukosei."

"Nimeitwa mvivu na watu nisiowajua, nikawa nalia hapa mezani, na wewe unajua ninavyosoma. Mbona hukuniambia?"

Mzee alitazama vidole vyake. "Ningekuambiaje, mwanangu? Nilikuwa nimelala."

Zunilda alikuwa bado na hasira, na ilikuwa haki yake. Alisogea upande mmoja wa benchi, akakigeuza kioo cha mashine yake kikamwelekea baba.

"Haya, njoo unikague hapa. Sote tuko macho."

Mzee alikuja akaketi. Alisukuma miwani juu, akaisoma namba yote kutoka mwanzo, polepole, kidole kikifuata.

"Sawa," akasema.