Klabu Iliyomwita Akiru

Juzi nilipita kando ya ukumbi hapa Lodwar, nikawaona wanafunzi wa sekondari wakipigwa picha na vyeti vyao. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni.

Mama alikuwa ameniambia, "Klabu imemwita dada yako Akiru." Klabu niliyoijua mimi ilikuwa ile ya nyuma ya soko, iliyonuka pombe ya busaa, ambako wanaume walipigana. Sikuelewa kwa nini Mama alimpaka Akiru mafuta mpaka miguu ikang'aa.

Ukumbini kulikuwa na joto, na feni zilikwaruza juu yetu. Mzee mwenye tai aliita jina la Akiru, akamshika mkono na hakuuachia. Watu walipiga makofi. Mama akaanza kulia. Nikapiga yowe, "Mwacheni dada yangu!"

Ukumbi mzima ulicheka. Akiru alishuka jukwaani, akachuchumaa mbele yangu.

"Nyamaza, mdogo wangu. Klabu hii si ile ya pombe, ni ya watu wa kusaidia jamii. Nimefanya vizuri katika mtihani, sasa watanisomesha chuo kikuu huko Nairobi."

"Kwa hivyo hawakuchukui?"

Akiru alimtazama Mama kwanza, kisha akanipangusa machozi.

"Si leo," akasema.